Dakika Sita Kwenye Korido

Jumapili, tarehe 8 Februari. Jua lilikuwa kali na baridi kali zaidi. Theluji ya juzi imegeuka barafu, na gari limekataa kuwaka mara mbili. Leo nimetoa ushuhuda kwenye ushirika wetu hapa Maplewood, huku ughaibuni. Naandika nilivyosema kabla sijaanza kujipamba kichwani. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hivyo maneno ni yale yale ya mdomo.

Nilianza hivi.

Ndugu zangu, mimi si msemaji, na sijui kama huu ni ushuhuda ama ni maungamo. Mtaamua nyinyi. Wengi wenu mlinijua nikibeba maboksi kwenye ghala kule Eagan. Baadaye mkaniona na mtungi wa oksijeni, mrija puani. Mapafu yalikuwa yamejaa makovu. Daktari alisema dawa zimefika mwisho, nahitaji mapafu ya mtu mwingine, yaani mtu aliyekufa.

Niwaeleze yanavyogawanywa, maana mimi nilidhani ni foleni, kama ya kununua unga. Si hivyo. Mapafu ni machache, wanaoyangoja ni wengi. Wanaangalia nani yuko karibu zaidi na kufa, nani ana tumaini la kuishi nayo, damu ya nani inakubali, kifua cha nani kinatosha. Yote hayo wanayapa alama. Na kuna kipimo cha kutembea kwenye korido dakika sita. Mtu anakufuata na saa, anaandika umefika wapi na oksijeni imeshuka vipi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa fahari. Sisi tumelelewa hivyo: ukiulizwa habari unajibu nzuri, hata kama umeshikilia ukuta. Nesi aliniuliza nyumbani naweka oksijeni namba ngapi. Nikasema mbili. Kumbe ni nne. Na ngazi je? Napanda bila shida. Ndugu zangu, miezi mitatu nilikuwa nalala kwenye kochi kule chini, ngazi zimenishinda! Siku hiyo mama watoto alikuwa kazini. Angekuwepo asingeniacha niseme hivyo.

Alama zikatoka ndogo, kama za mtu anayeweza kungoja. Miezi ikapita, simu kimya. Nikaanza kulaumu. Nikasema ni rangi yangu, ni jina langu, ni hiki Kiingereza changu. Sisemi mambo hayo hayapo. Nasema mara ile aliyenidhulumu nilikuwa mimi.

Ndugu mmoja, yuko humu na simtaji (hapo watu wakaanza kugeuka, na yeye akaangalia dari), alikuja kuniona. Akasema, "Mzee, shida yako unatembea kama unakimbilia basi. Hawa watu wanasoma makaratasi. Kokota miguu! Shika ukuta! Kohoa kidogo!"

"Huo si uongo?"

"Uongo ni wa wenye pumzi, mzee."

Nilicheka mpaka nikakohoa kikweli. Lakini neno liliingia. Na nisimwonee: alisema kwa kunipenda, na ndiye aliyenipeleka kliniki siku ya kurudia kipimo, ametoka shifti moja kwa moja, hajalala.

Kwenye korido alikuwepo mama mzee, Mhmong, wale watu wa asili ya Asia, kama majirani zetu wengi wa Saint Paul. Alikuwa amekaa kwenye kiti na binti yake, anangoja zamu yake baada yangu. Mtungi wake ulikuwa pembeni, midomo imeingia rangi ya bluu. Sijui kama alikuwa kwenye orodha moja na mimi. Sikumuuliza.

Nikaanza kukokota. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Nikashika ukuta. Ndipo yule mama akainuka. Kuinuka kwenyewe kulimchukua muda. Akaanza kukisukuma kiti chake kuja kwangu, anahema, na binti yake akaniambia, "Mama anasema ukalie hiki. Anasema wewe umezidiwa kuliko yeye."

Ndugu zangu, nawaambia, kukaa sikuweza na kutembea sikuweza. Na yule mama alikuwa amesimama pale, ameshika ukuta, yeye kwa kweli.

Nikamwambia mpimaji, "Hiyo usiandike. Nilikuwa nakokota makusudi." Nikamwambia na ile ya namba mbili, maana mlango nilikuwa nimeshaufungua. Hakunigombeza. Alisema, "Pumzika nusu saa. Halafu tembea unavyoweza, tupate ile ya kweli." Mama akapimwa kwanza.

Ile ya kweli ilikuwa mbaya, lakini si mbaya kama ya kukokota.

Nyumbani nilitegemea mama watoto anisifu. Alikuwa anakunja nguo. "Umemhurumia mama wa watu," akasema. "Na mimi ulitaka uniache na nani?" (Nilimwangalia nilipofika hapo. Alikuwa anaangalia mkoba wake.)

Simu ililia majani yalipoanza kuanguka, na mimi wakati huo kuvaa soksi ilikuwa safari. Sisemi nilipata mapafu kwa sababu nilisema kweli. Ningeweza kusema kweli nikafa. Wako walioishia hivyo, na hao hawapewi nafasi ya kusimama hapa. Yule mama sijui kama alipata. Niliuliza, hawasemi, na ni haki wasiseme.

Nawashukuru watu nisiowajua, waliokuwa wanalia siku ile mimi nilipopigiwa simu. Namshukuru mpimaji. Nawashukuru nyinyi mlioleta vyakula, na yule ndugu wa kukimbilia basi, aliyenipeleka kila kliniki. Namshukuru mama watoto, ambaye kukasirika kulikuwa haki yake. Funzo, kama ninalo, ni hili: ukipimwa, pimwa ulivyo. Usijiongeze, usijipunguze. Nyuma yako kuna mtu anangoja.

Nikakaa, nimechoka. Ndugu wa basi akaninong'oneza, "Si ungenitaja tu? Wote wamejua."

Jioni nimesonga ugali mwenyewe, mara ya kwanza tangu nipasuliwe, na sikupumzika katikati. Kulikuwa na sukuma wiki na samaki wa kukaanga. Mama watoto akaonja. "Una madonge," akasema. Ni kweli, ulikuwa nayo. Tumeula ukaisha.