Dada Mkubwa wa King'ora cha Bondeni

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Juni 1971, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na mto, mtoto wa kwanza wa seremala na mshona vikapu. Sisi wadogo zake wawili tulipomfuata akaitwa Dada Mkubwa, na jina likamganda. Mtaa wote wa bondeni ulimwita hivyo, wakiwemo wazee waliomwona akitambaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978. Jioni alishinda karakanani kwa baba. Milango ya nyumba za bondeni ni myembamba, hivyo marehemu baba alikifungua kila kitanda vipande vipande kabla ya kumpelekea mteja, akaandika kwa chaki kwenye kila ubao: kichwani, miguuni, ubavuni. Siku moja binti yake, kwa ujuaji wa miaka tisa, alizifuta chaki zote ili mbao zing'ae. Kitanda cha watu kikafungwa kichwa kikawa chini kuliko miguu. Baba hakumchapa. Alimlaza juu yake akamwuliza, "Haya, unapata raha?" Baada ya sekondari alisomea kompyuta katika chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1994.

Mwaka 1996 aliajiriwa na idara ya maji. Aliandika programu iliyopokea kina cha mto kutoka kwenye kipimo cha darajani na kupiga king'ora maji yakizidi. Shida iliyomkosesha usingizi ni kwamba namba kubwa haienei kwenye baiti moja, kile kisanduku kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta, hivyo hugawanywa mbili. Kompyuta nyingine hutanguliza kipande kikubwa, nyingine kile kidogo, na asiyeangalia hupokea namba iliyopinduka. Wenzake waliandika programu za kuiuliza mashine kabila lake kwanza, kisha kugeuza au kutogeuza. Yeye hakutaka kabisa. "Kila mashine na mila zake," alisema. "Mimi nakubaliana na mjumbe tu, kile kipimo cha darajani: kikubwa kitangulie. Cha kwanza nazidisha kwa mia mbili hamsini na sita, cha pili najumlisha. Hesabu hiyo haina kwao."

Tarehe 4 Septemba 1999 aliolewa na fundi cherehani aliyekuja kupima madirisha ya chumba cha kompyuta ashone mapazia. Fundi alipima kwa inchi, akaandika namba tupu, na msaidizi wake akakata kwa sentimita. Yakaletwa mapazia ya kutosha kufuta pua. Bibi arusi mtarajiwa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na shemeji yetu anasema siku hiyo ndipo alipokwisha. Walijaliwa binti na mvulana.

Figo zilimsumbua tangu mwaka 2021, naye akatuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, tulimwambia. Akatujibu kwamba maneno yetu yanamwumiza kuliko figo. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2024, akiwa likizo ya ugonjwa, alisikia idara imeleta kompyuta mpya na kwamba kijana mmoja wa kitengo ameongeza kwenye programu yake kigeuzi cha kupindua vile vipande viwili. Ilikuwa kiangazi, mto umekauka. Walijaribu, kipimo kikasoma sufuri, wakapongezana. Alimpigia mkuu wake simu akiwa kitandani hospitali: "Bosi, sufuri ukiigeuza inabaki sufuri. Niwekeeni kile kipimo kwenye pipa la maji."

Mume wake alikasirika kweli. "Si upumzike, mama watoto? Wapo wazima wa kufanya hiyo kazi."

"Nikipumzika mimi, mama naye apumzike chini ya maji?"

Mama yetu bado anaishi bondeni, na miguu haimchukui tena. Shemeji alimbeba mkewe mgongoni mpaka garini. Kule idarani pipa lilikuwa na maji ya sentimita sitini. Skrini ikaandika elfu kumi na tano, mia tatu na sitini. "Bosi, tumeshazama," alisema, wote wakacheka. Kisha akawaonyesha jambo lisilochekesha: namba isiyowezekana kama hiyo, programu huihesabu kuwa kipimo kibovu na kuidharau. Mafuriko yangekuja, king'ora kingenyamaza. Alikiondoa kigeuzi, akasubiri sitini isome sitini, ndipo akakubali kurudishwa hospitali. Alituchosha kwa ukaidi wake, na tulimpenda nao.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Aprili 2024, mume wake akiwa amemshika mkono. Mchana wa siku hiyo mvua ilishuka milimani, na sisi tukiwa bado hospitali tunatafuta maneno ya kumwambia mama, king'ora kililia bondeni. Majirani walimpandisha mama kilimani na kiti chake. Nyumba kumi na moja zilikwenda na maji. Hakuna aliyekuwa ndani.

Ameacha mume, binti, mvulana, wadogo wawili, na majirani wengi mnaowaona hapa wamevaa nguo za kuazima. Ameacha pia mama mzazi. Tulimkuta kwenye darasa la shule ya kilimani, amelowa, tukamweleza.

"Mwanangu kanitoa ndani mchana huu," alisema, "nyinyi mnaniambia amekufa asubuhi?"

Mwenyezi Mungu ampokee, na usingizi wake uwe mtulivu.