Mzee Chenga Ashuka Ngazini

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi wetu mkuu wa nje atarudisha funguo za gari na kustaafu. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa, na nina hakika likisomwa, nusu ya ukumbi itageuka kuulizana ni nani huyo. Kwetu sisi, na kwa mji mzima, yeye ni Mzee Chenga.

Jina hilo alipewa na wateja. Televisheni ilipoacha kuonyesha watu na kuanza kuonyesha vile vidoti vyeupe vinavyochezacheza kama mchele kwenye ungo, watu walipiga simu kwenye meza yangu ya kupokea malalamiko na kusema inaleta chenga, mleteni yule mzee wa chenga. Wakati huo hakuwa na hata unywele mmoja mweupe. Mhasibu wetu mmoja mgeni alidhani jina limetoka uwanjani, akampanga winga katika mechi yetu na watu wa idara ya maji. Mzee Chenga aligusa mpira mara moja tu, akaanguka peke yake, hakuna aliyemkaribia, akatolewa huku akipigiwa makofi na timu zote mbili.

Alikuja kwetu kuchimba mitaro. Kampuni ilikuwa changa, waya wa kebo unapitishwa mtaa kwa mtaa, na vibarua walitakiwa kwa muda mfupi tu. Mitaro ilipokwisha wenzake wakaondoka. Yeye akabaki anamshikia fundi ngazi, baadaye akaanza kuipanda mwenyewe, na mpaka leo hakuna anayekumbuka siku aliyoajiriwa. Ofisi ya utumishi imenihakikishia kwamba aliajiriwa.

Zama zile kebo ilikuwa kebo. Nyumba iliyounganishwa uliijua kwa wingi wa viatu mlangoni. Mzee Chenga naye alivua vyake, hata mwenye nyumba akimwambia pita tu. Akishaingia hakukimbilia kutoboa. Alikaa kwanza kwenye kochi, akautazama ukuta, akauliza baba hukaa wapi, watoto hukaa wapi, jua la jioni huingilia dirisha gani. Ndipo akaenda kuchukua vifaa. Waya aliouweka yeye, ukitaka kuuona, ilikulazimu uutafute.

Kuna kisa alichonisimulia miaka mingi baadaye bila kunitajia nyumba. Familia nzima ilikuwa imekusanyika sebuleni, mkwe anafoka, mabinti wanafoka, kampuni yetu inatukanwa kwa zamu. Mzee Chenga aliinama nyuma ya kabati akakuta plagi ya televisheni imechomolewa, na pasi ya bibi bado ina joto pembeni. Bibi alikuwa kimya kwenye kiti chake. Fundi akachomeka plagi, akajikawiza kule nyuma akigongagonga kitu, kisha akatoka akasema kulikuwa na hitilafu kwenye laini na sasa imekwisha. Bibi alimsindikiza mpaka getini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Kisha mambo yakageuka. Simu za mezani kwangu, zilizokuwa zikiomba picha, zikaanza kuomba kukatiwa. Watu walinunua televisheni zinazoshika intaneti. Filamu unaianza ukitaka, unaisimamisha ukakoroge mboga, unarudi unaikuta inakungoja. Wengine waligundua kwamba taarifa ya habari, mpira na tamthilia wanazozipenda zinarushwa hewani bure, kinachotakiwa ni antena tu. Walikuwa wakilipia chaneli mia mbili na kutazama tatu.

Shemeji yetu, mke wa Mzee Chenga, alikuwa miongoni mwa waliotuhama mapema kabisa. Ameniruhusu niandike. Alimwambia mumewe mezani kwamba amechoka kulipia chaneli za watu wanaovua samaki kwa lugha asiyoijua, na kwamba yeye anamtaka msomaji habari wake na tamthilia yake, basi. Mzee Chenga alipandisha antena juu ya paa lake akaificha nyuma ya tangi la maji, wafanyakazi wenzake tusije tukaiona tukipita. Tuliiona sote. Hakuna aliyemwambia.

Basi ikaja kazi ya kwenda kufungua tulichokuwa tumefunga. Mafundi hawakuipenda. Wengi walivuta waya, wakachukua king'amuzi, wakaondoka na kuacha ukuta una matundu. Mzee Chenga alibeba kopo la lipu na brashi. Aliziba kila tundu alilolitoboa yeye mwenyewe enzi za ujana wake, akapaka rangi, kisha akasimama na mwenye nyumba uani kumwonyesha antena ielekee wapi, au akakaa na babu na bibi kuwafundisha kitufe gani cha rimoti kinafungua intaneti na kipi wasikiguse kabisa.

Habari hizo zilimfikia meneja wetu. Alikuwa ndio kwanza ameanza kazi, na mzigo aliokabidhiwa haukuwa mdogo: wateja wanapungua kila mwezi, na ajira zetu sote ziko shingoni mwake. Alimwita Mzee Chenga ofisini, na mimi pia, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimpangia safari. Akamuuliza waziwazi kama amewekwa kuleta wateja au kuwaonyesha njia ya kutokea.

"Bosi, huyo ameshatoka," alijibu Mzee Chenga. "Mimi namfungia mlango taratibu, asituchukie."

Meneja hakutabasamu. Alimwambia aache mpaka atakapoelekezwa vinginevyo, na akaongeza kwamba mtu aliyekaribia kustaafu hapaswi kuchezea mwisho wake. Mzee Chenga akasema sawa. Sijawahi kuona gari likitoka getini kwetu polepole kama siku ile. Kwa miezi kadhaa alikwenda, akafungua, akaziba matundu, akaaga. Mazungumzo ya uani yalikwisha, na yeye mwenyewe akapungua maneno.

Kisha uamuzi mkubwa ukatolewa: kebo itazimwa mji mzima na kampuni itabaki na intaneti peke yake. Wateja waliosalia wakajulishwa. Wengi walikuwa wameshajipanga. Siku moja nikapigiwa simu na mkunga mstaafu wa mtaa wa zamani, mtaa ule tulioanza nao. Hakulalamika wala hakuomba tusimkatie. Aliuliza tu tutazima saa ngapi, ili apate kumwandaa mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa basi. Kiharusi kilikuwa kimemnyima usemi na upande mmoja wa mwili. Ila kila jioni, msomaji wa taarifa ya habari aliposema habari za jioni, mzee yule aliinua mkono wake mzima kuitikia. Kutwa nzima hakuitikia mtu mwingine. Mkunga alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa maelezo ya mgonjwa, kisha akaniombea kazi njema.

Nilimpa habari Mzee Chenga, naye hakwenda garini. Alikwenda kubisha mlango wa meneja, akasimama pale kofia mkononi, akaomba ruhusa ya nyumba moja. Meneja alimtazama, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua mkoba wake. Alisema naye anakuja.

Tulikwenda watatu, alasiri. Mzee Chenga alipandisha antena juu ya paa la mkunga, na televisheni ikatoa chenga tupu. Lilikuwa limejengwa ghorofa refu mbele ya nyumba ile, limeziba kila kitu. Intaneti yetu haikuwa imefika kwenye kichochoro kile, na simu zenyewe zilishika kwa kubahatisha. Akatembea juu ya paa na antena yake kwenye ufito mrefu, akashuka, akatembea kandokando ya ukuta, mkunga akiwa dirishani anamwambia bado, bado. Mwisho wa ua, kwenye uzio, picha ikaja, ikatikisika, ikapotea. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na paa la jirani, na mbele yake kulikuwa kweupe.

Mzee Chenga akasema dawa ni paa lile. Mkunga akasema basi, tuache, na akaanza kutuandalia chai ya kutuaga.

Jirani alikuwa fundi cherehani. Wawili wale waligombana kwa sababu ya maji ya mvua yaliyotoka kwenye mfereji wa paa la mmoja yakamwagikia uani kwa mwingine, maneno yakazidi maji, na kwa miaka wakawa wanapishana kichochoroni kila mtu anatazama upande wake. Meneja alijitolea kwenda kuomba kwa jina la kampuni. Lilikuwa wazo zuri, na nadhani lingefaulu. Lakini Mzee Chenga alikuwa anajifuta mikono kwenye ovaroli, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mama," alimwambia mkunga, "waya nitavuta mimi. Hodi itabidi upige wewe mwenyewe."

Mkunga akaenda kumfunika mumewe miguu vizuri, akavua aproni, akaikunja, akatoka. Sisi tulimfuata mpaka getini kwa sababu hakuna aliyeweza kubaki ndani.

Fundi cherehani alifungua mlango, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Mkunga akaanza kusema habari ya yale maji ya mvua. Mwenzake hakumwacha amalize.

"Mkunga wangu, namsikia baba akikohoa kila asubuhi," alisema. "Nimeshindwa tu nianzie wapi."

Watoto wote wa mama yule walipokelewa duniani na mikono ya mkunga. Sisi hatukulijua hilo mpaka tulipowaona wameshikana, mmoja anataja majina ya watoto mmojammoja, mwingine anauliza yuko wapi sasa, huyu ameoa? Meneja aliinua macho akawa analikagua paa kwa makini sana. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mzee Chenga alikuwa ameshaifuata ngazi.

Aliomba ruhusa ya kutumia waya wetu wa zamani, ule ule aliouvuta yeye mtaani pale siku za mwanzo, ambao ungetupwa. Meneja akakubali kwa kichwa, na kwa kuwa mimi naogopa hata kuitazama ngazi, akaishika yeye, na viatu vyake vya ofisini vikazama kwenye tope la bustani. Antena ikafungwa kwenye paa la fundi cherehani, waya ukavuka uzio, ukagawanywa ukahudumia nyumba zote mbili. Kwenye televisheni ya mkunga akatokea mtu anafundisha kupanda karoti. Sijapata kuona watu wakimfurahia mwalimu wa karoti namna ile.

Kazi ilikuwa imekwisha, lakini hatukuondoka. Fundi cherehani alikuja na viti vyake, chai ikachemshwa upya, tukangoja. Taarifa ya habari ilipofika na msomaji akasalimu, mzee aliyekuwa kitandani aliinua mkono.

"Mwone," alisema mkunga kwa sauti ya chini. "Anaitikia."

Kesho yake asubuhi meneja alitukusanya, akatangaza kwamba hakuna nyumba itakayozimwa kabla fundi hajafika na kuhakikisha wenyewe wamebaki na kitu cha kutazama, iwe kwa intaneti yetu, iwe kwa antena ya bure. Kisha, mbele yetu sote, akamwomba Mzee Chenga awafundishe wenzake namna ya kuondoka kwenye nyumba ya mtu. Neno naomba alilitamka meneja mwenyewe. Kazi hiyo ndiyo iliyojaza mwaka wake wa mwisho. Baadhi ya wateja walioagwa vile walirudi kwetu intaneti ilipowafikia. Wengine hawakurudi, nao tunawasalimia.

Siku ya kuzima kebo, meneja alimpa Mzee Chenga heshima ya kubonyeza swichi. Tulijaa chumba cha mitambo, tumejiandaa kupiga makofi. Yeye aliweka kiganja juu ya mtambo, akauliza kuna nini hewani. Akaambiwa kuna filamu, inakaribia kwisha. Basi akatuambia tusubiri iishe, huenda kuna mtu mahali fulani anaitazama. Tukasubiri, wakubwa na wadogo, tumesimama, mpaka majina ya waigizaji yakapita yote. Ndipo akazima.

Tunamshukuru shemeji yetu na watoto, ambao sikukuu nyingi walimwona baba akiacha sahani mezani kwa sababu kwa watu fulani picha imepotea. Tunawarudishia mtu wao akiwa mzima, magoti yakiwa yamechoka kidogo, ucheshi wake wote ungali naye.

Na wewe, Mzee wetu, tunakuombea afya, usingizi mtamu, na alasiri ndefu kando ya mama watoto, mkitazama mnachokitaka kwa kadiri mtakavyo. Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nikikwambia uende mtaa gani, nyumba ipi, kwa nani, upesi. Ijumaa jioni sina pa kukutuma. Nenda nyumbani.