Mama Viti Amesema Ni Monza

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wa karakana na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, binti wa kwanza wa marehemu, niwasomee historia ya maisha ya mama yetu, na naomba mnivumilie kwa sababu sauti yangu tangu jana imegoma, na pia kwa sababu kazi hii ingekuwa ya mjomba, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyekaa pale mbele ubavuni kwa baba, lakini mama mwenyewe kabla hajatutoka aliacha maagizo mawili, la kwanza kwamba mjomba asipewe kipaza sauti, na la pili kwamba katika historia yake iandikwe wazi kuwa uwanja wa mbio za magari ambao kila mpenzi wa mbio anapaswa kuuona kabla hajafa ni Monza. Basi nimeandika, na mmesikia, ni Monza.

Najua wapo wanaoulizana hapo nyuma kama huyu binti msiba umemchanganya, lakini waliomfahamu Mama Viti, kama mlivyomwita marehemu, hawaulizi, wao wanamtazama mjomba, wanangoja aruke kwenye kiti chake aseme hapana, uwanja ni Spa, kama alivyofanya kwa miaka arobaini na mitatu, na mnaona wenyewe kwamba hajaruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkewe aliyekuwa mkunga wa zahanati, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya stoo ya mbao, na mjomba ndiye aliyemfuata, ndiye mama aliyemwachia ziwa, na bibi alikuwa akisema kwamba mama hakumsamehe kwa hilo, kwani tangu mjomba alipojua kusema neno walibishana, nani kaanza, nani kaona kwanza, nani kapewa kipande kikubwa, na wakinyimwa cha kubishania walibishania mvua itanyesha au hainyeshi.

Mama alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi Novemba 1978, akafaulu vizuri hesabu na kushindwa vibaya kunyamaza, alitolewa nje ya darasa mara kadhaa kwa kumpinga mwalimu wa jiografia, na alipomaliza kidato cha nne babu, kwa kuchoka, alimpeleka kwa rafiki yake mwenye karakana ya viti vya magari iliyokuwa nyuma ya kituo cha mafuta, akimwambia mle ndani kuna kelele za kutosha, hakuna atakayekusikia.

Aliingia kazini tarehe 5 Februari 1979, mwanamke peke yake kati ya mafundi saba, akajifunza kuvua kitambaa cha kiti, kupima sponji kwa kuikalia, kukata reksini, ile ngozi ya bandia ya viti, bila kupoteza na kushona mshono wa ndani usiokatika hata dereva akiwa mnene kiasi gani, na katika karakana hiyo ukutani palikuwa na kalenda ya kampuni ya matairi, kalenda ya mwaka uliokwisha pita, ambayo mwenye karakana hakuitoa kwa sababu ilificha ufa, na kila mwezi wa kalenda hiyo ulikuwa na picha ya uwanja mmoja wa mbio za magari. Mwezi wa tisa ulikuwa Monza, na picha yenyewe haikuwa na gari hata moja, ilikuwa kona ya zamani ya zege, imeinuliwa kama ubavu wa bakuli, tupu, na miti nyuma yake, na mama alituambia kwamba alisimama mbele ya picha ile na mkasi mkononi akasahau kazi, kwa sababu hakuwahi kuona barabara iliyosimama wima. Akaukata mwezi wa tisa akaondoka nao nyumbani, na mjomba kuona hivyo kesho yake naye akaenda pale karakana akakata wa nane, ambao ulikuwa Spa, barabara inashuka bondeni na kupanda tena mlima ndani ya msitu, yote imelowa, na mwenye karakana alipokuta ufa wake uko wazi aligomba wiki nzima.

Hivyo ndivyo ugomvi huu ulivyoanza, ndugu zangu, msifikiri kuna jingine, mmoja alipata picha ya mwezi wa tisa na mwingine wa nane, na kila mmoja akajengea maisha yake pale. Mama alisema Monza ilijengwa mwaka 1922 na bado ipo palepale ndani ya bustani, mbio zikimalizika mashabiki wanaingia barabarani kwa miguu yao wenyewe, na siku isiyo na mbio unaweza kwenda kusimama mbele ya ile kona ya zamani ukanyamaza, na mahali pa hija ni mahali ambapo hata pakiwa tupu mtu unanyamaza. Mjomba, ambaye alikuja kuwa fundi bomba, alisema huko ni kwenda kuangalia zege, uwanja ni Spa, ambako mvua inanyesha upande huu na upande wa pili jua linawaka, bingwa anapanda ule mlima hajui atakuta nini juu, na kwa ajili ya maneno hayo sisi watoto tulimwita Mjomba Mvua, jina ambalo hata wateja wake wanalitumia.

Mama alifunga ndoa na baba yetu, karani wa posta, tarehe 15 Desemba 1984, na ukumbini mjomba aliombwa aseme machache kwa niaba ya upande wa bibi harusi, akashika kipaza sauti, akamwambia baba kwamba shemeji tunakukabidhi dada yetu, ni mchapakazi, ana adabu, kasoro yake ni moja tu, anaamini Monza, na bibi harusi, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama alivyofundwa, alifunua shela akamjibu kutoka pale jukwaani, wakajibizana hadi chakula kikapoa, na wazee wa upande wa baba walikaa kikao cha dharura jikoni kuulizana kama mambo haya yanaweza kuahirishwa. Tangu siku hiyo mama aliapa kwamba mbele yake mjomba hatashika tena kipaza sauti, na hakukishika, si kwenye harusi yangu, si kwenye mahafali ya kaka, na mkumbuke kwamba hata kwenye msiba wa babu alisoma mama mdogo.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi mwaka 1986, kaka yangu mwaka 1989 na kitinda mimba wetu mwaka 1995, na wajukuu wanne, na mwaka 1991 mama alifungua karakana yake mwenyewe, ile yenye mlango wa bluu mnayoijua, ambako dereva wa lori aliyekuja kubadilisha sponji aliondoka akiijua historia ya Monza, apende asipende. Jumapili za mbio mjomba alikuja kwetu kutazama televisheni, na mkoba wake wa spana mkononi, baba alilala sebuleni palepale kwenye kochi, na sisi watoto tulijifunza kusoma, kula na kusinzia katikati ya makelele, na mimi nitasema ukweli, nilizichukia mbio hizo, nilizichukia sana, mpaka leo sijui gari lipi ni lipi.

Mwezi wa tatu mwaka 2019 baba alistaafu, akasema katika kiinua mgongo chake atawalipia hawa ndugu wawili safari, waende wakauone huo uwanja wao roho zao zitulie na yeye apate kulala, sharti likiwa moja tu, wataje uwanja mmoja. Vikao vilikaa, mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, maskini wa Mungu, na kaka yangu akagundua kwamba mwaka ule mbio za Spa na za Monza zilipishana wiki moja tu, kwa hiyo wangeweza kuona zote kwa safari moja, akalileta hilo mezani akitegemea kupongezwa, na wote wawili wakamgeukia wakasema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowasikia wakikubaliana, kwamba hija ni moja, ukienda mbili umekwenda matembezi. Baba alingoja hadi mwisho wa mwaka, hawakutaja, mwaka uliofuata dunia ikafungwa kwa maradhi, na fedha ile ikaezeka nyumba.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2022 mama alianza kulalamika tumbo na mgongo, akasema ni kuinamia cherehani, akapungua mpaka pete ikawa inadondoka kwenye sponji, na tarehe 18 Mei alipofanyiwa vipimo daktari alituita pembeni, karibu na ngazi, baba, sisi watoto na mjomba, akatueleza kwa upole kwamba ni saratani ya kongosho, imekwisha kusambaa, na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Tulisimama pale tukitazamana kama watu walioteremshwa kituo kisicho chao, hatukujua mikono yetu tuiweke wapi, na tukakubaliana kwamba mama asiambiwe, aambiwe ni vidonda vya tumbo, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mgonjwa haongezewi mzigo, kisha tukamtuma mjomba atangulie ndani akamchangamshe, maana yeye ndiye aliyemjua.

Mjomba aliingia, akakaa pembeni ya kitanda, akamshika dada yake mkono, akamwambia dada, nimefikiri, wewe ndiye uliyekuwa sahihi, ni Monza, ukipona tunakwenda wote. Alikusudia mema, jamani, hakuna aliyewahi kumpenda mwanamke huyu kuliko yeye, lakini mama alimtazama, akageukia ukuta, kisha akaniita mimi kwa jina langu la utotoni, akaniambia niambie daktari amesema nini, na usinidanganye, kwa sababu mjomba wako amesema Monza.

Nilikuwa na jibu nimeliandaa, la vidonda vya tumbo, la dawa, la kula kidogokidogo, na badala yake nikainama kumtandika shuka miguuni, naye akajua.

Tangu hapo mama alichotaka kilikuwa kimoja tu, mjomba arudishe maneno yake, alisema ugonjwa anauweza ila huruma ya mdogo wake haiwezi, na mjomba alijaribu, Mungu anajua alijaribu, kila jioni alikuja wodini na mkoba wake, akaanza vizuri tu, dada, lakini mvua ya Spa, na akifika hapo kwenye mvua anachukua mkoba, anatoka nje kwenye korido kuegemea ukuta. Basi mama akawa anabishana peke yake, upande wake na upande wa mjomba, akimfundisha, hivi ndivyo unavyosema, unasema kona ya zege haina gari linalopita siku hizi, hayo ndiyo maneno yako, sema, na wauguzi watakuwa mashahidi kwamba upande wa Spa aliutetea vizuri kuliko mjomba mwenyewe, na mjomba alitikisa kichwa tu kuitikia, ndiyo dada, ndiyo dada, na sisi tuliosimama mlangoni hatukuwa na msaada wowote kwa yeyote kati yao.

Mama alifariki dunia Jumanne tarehe 23 Agosti 2022 saa tisa alasiri, baba akiwa amemshika miguu, na mjomba alikuwa njiani anakuja.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani kwa daktari aliyetuambia ukweli na wauguzi waliotusaidia kuuficha, kwa majirani waliopika na kuchota maji bila kuitwa, kwa mafundi wa karakana walioshona mito ya viti vyote mlivyokalia hapa, mshono wa ndani kama alivyowafundisha, kwa wafanyakazi wenzake baba wa posta na kwa wenye malori walioleta watu, sina cha kuwalipa, Mungu awarudishie.

Nilipaswa kuishia hapo, lakini tangu Jumanne mjomba anakubali kila kitu, ukimwambia turubai liwe hapa anasema sawa, ukimwambia hapana liwe kule anasema sawa, juzi jirani mmoja katika kumpa pole alimwambia kwamba marehemu alikuwa anaupenda sana ule uwanja wa Monako, Monako, ndugu zangu, mahali ambapo wote wawili walipaita gereji ya matajiri, na mjomba akajibu naam, na hapo ndipo mimi na wadogo zangu tulipoogopa kweli. Kesho Jumapili ni mbio za Spa, na wanawe wanasema ameifunika televisheni kwa shuka.

Mama, agizo lako la pili nimelitimiza, nimeandika Monza na nimeisoma mbele ya watu, na la kwanza nimelishika mpaka mstari huu, lakini mbele ya hapo siwezi, nisamehe, maana wewe umekwenda na huyu umetuachia sisi, na mimi mambo haya siyajui, siwezi hata kumbishia.

Pumzika kwa amani, mama. Mjomba, kipaza sauti hiki hapa.