Sindano ya Abu Mutasim

Kijiwe cha fundi pancha wa Karak, mji wa milimani huko Jordan, kina benchi moja, mdila mmoja wa kahawa, na midomo isiyojua kufungwa. Kahawa yenyewe chungu, ya iliki, na ina adabu zake: ukitosheka, tikisa finjani; ukiwa na haja, iweke chini bila kuinywa, na hapo hakuna atakayekunywa mpaka haja yako ijibiwe. Wiki iliyopita Rubani, ambaye maisha yake yote aliosha ndege na hajawahi kupanda hata moja, aliiweka chini. Watu wakaweka za kwao chini kwa heshima, kumbe anataka kuazimwa pikapu! Akaazimwa, wangefanyaje? Leo jambo lilikuwa zito zaidi. Abu Mutasim, dereva mstaafu wa boza la maji, alikuwa achomwe sindano ya seli shina kesho, na mwanawe Mutasim alikuja na karatasi ya kutia saini.

Kiharusi kilimchukulia Abu Mutasim mkono wa kulia na maneno yote isipokuwa moja. Yeye, aliyekuwa na mdomo kuliko wote hapo, sasa alibaki na “sawa” tu, nalo lilimtoka lenyewe hata akikanyagwa mguu. Masikio yalikuwa mazima kabisa, na hayo ndiyo yaliyomtesa.

— Wanachota mafuta ya tumbo lako, alieleza Profesa, ambaye husoma vichwa vya habari tu na mengine huyajaza mwenyewe. — Wanayachuja, wanapata seli shina, wanakuchoma mgongoni. Zinapanda mpaka ubongoni, zinakarabati. Kwisha!

— Nani anazionyesha njia? aliuliza Rubani.

— Seli ina akili, wewe.

— Ya tumbo la huyu? Hiyo inajua njia moja tu, ya kwenda kwenye sinia la wali.

— Ami zangu, msitanie, alisema Mutasim. — Kliniki wamesema ni salama. Ni seli zake mwenyewe. Mwili haujidhuru.

— Haujidhuru? alisema Rubani. — Na hicho kiharusi aliletewa na posta?

Profesa akainua kidole.

— Mimi naona shida ni ajira. Seli mpya inafika ubongoni, haina mjomba wizarani. Nani ataipa kazi? Itakaa mlangoni na vyeti vyake miaka kumi.

— Ikichoka kungoja?

— Itajiajiri. Itafungua uvimbe.

Benchi zima likaangua kicheko. Abu Mutasim naye akacheka kwa nusu ya uso iliyobaki. Alitamani kuliko kitu chochote kushika tena finjani kwa mkono wa kulia. Lakini aliogopa, wallahi aliogopa. Wakiharibu na huu wa kushoto, je?

Mwishoni mwa benchi alikaa bwana mmoja wa kutoka Irbid, akingoja tairi lake lizibwe.

— Samahani, mimi mgeni tu, alisema. — Waliochomwa kabla yake wako wapi sasa?

Rubani akamgeukia Profesa.

— Yuko yule wa mji wa Tafila, alisema Profesa.

— Anaendeleaje?

— Simu yake haipatikani.

— Mimi nilionyeshwa picha, alidakia Mutasim. — Mtu anatembea vizuri kabisa.

— Kabla ya sindano alikuwa hatembei?

Mutasim akaitazama karatasi.

— Hilo hawakusema.

— Labda alitembea akapitiliza, alisema Rubani. — Ndiyo maana hapatikani.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mutasim uso ulikuwa umemwiva.

— Mwaka mzima namvisha viatu! Baba yangu, aliyekuwa akipandisha boza mlima wote huu kwa mkono mmoja, mimi ndiye namfunga kamba! Nimechoka kumwona hivi. Mnataka nikae tu? Na mwenyewe amekubali. Baba, tusaini?

— Sawa.

— Mmemsikia!

— Hebu muulize kama hataki, alisema mgeni.

— Baba… hutaki?

— Sawa.

Abu Mutasim akanyoosha mkono wa kushoto, akapokea finjani iliyotoka kujazwa. Hakuinywa. Aliivuta karatasi mapajani mwa mwanawe, akaitandaza kwenye benchi, akaiweka finjani juu yake, pale pale palipotakiwa saini. Akamkazia macho.

Rubani akaweka ya kwake chini. Profesa naye. Mgeni, aliyekuwa ameshaifikisha mdomoni, akairudisha.

Mutasim aliitazama ile finjani mpaka machozi yakamlenga.

— Kunywa kahawa yako, Baba. Haja yako imekubaliwa.

— Kwa hiyo sindano…? alinong'ona Profesa.

— Ami, kwani huoni finjani iko wapi?

Abu Mutasim akainywa yote kwa pumzi moja, akaitikisa. Mutasim akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, kisha akapiga goti kufunga kamba ya kiatu cha baba yake iliyokuwa imelegea.

— Lakini kesho asubuhi mazoezi ya mkono, alisema bila kuinua kichwa. — Na hakuna kujifanya umelala.

— Sawa, alisema Abu Mutasim, na hili alilisema mwenyewe.