Mama Kwa Nini na Mashine Iliyonyimwa Sababu

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye kazini apunguze sauti, bosi asije akasikia. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeifundisha kompyuta kusoma sheria. Watu walimwita Mama Kwa Nini. Amefariki. Amemwacha mume, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na safari yetu ya leo tutatembea na huyo mume, maana uchovu wote amebaki nao yeye.

Amechoka, wasikilizaji. Tulimkuta amekaa karakanani kwake, mashine ya kuchomelea imezimwa, miwani ya kazi bado iko kichwani. Tulipompa pole, alitikisa kichwa tu.

"Msiniulize najisikiaje," alisema. "Najisikia kama mtu aliyebeba geti peke yake, na waliotakiwa kushika upande wa pili wako kikaoni."

Walikutana kwa sababu ya mlango. Wakati huo mama huyu alikuwa karani wa mahakama, kijana, mwembamba, na mdomo hauna breki. Alikuja karakanani kuagiza mlango, akauangalia, akauliza: "Kwa nini bawaba tatu na si mbili?" Fundi akajibu ndivyo zinavyowekwa. "Hiyo si sababu," akasema karani. Ikabidi fundi azime mashine, avue miwani, aeleze uzito wa chuma unavyovuta, na kwa nini bawaba mbili zingelegea. Fundi ni mtu wa maneno machache. Siku ile aliishiwa akiba yake ya mwezi mzima.

Mdogo wake marehemu anacheka hata leo akikumbuka. "Shemeji alidhani anauza mlango, kumbe anafanyiwa usaili wa ndoa!"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, jina la Kwa Nini lilitoka mahakamani. Kila siku karani huyu aliwaona watu wakitoka kwenye kesi wameduwaa, wakimuuliza mlinzi, wakimuuliza mfagizi: nimeshindwa kwa nini? Hakuna aliyewajibu. Wakubwa walikuwa wameshapita mlango wa nyuma. Swali hilo lilimkaa moyoni. Akarudi shule akiwa mtu mzima, akasoma mpaka akaingia taasisi ya utafiti. Huko walikuwa wanatengeneza akili bandia ya kulisaidia baraza la nyumba, pale wenye nyumba na wapangaji wanaposhitakiana. Kompyuta inalishwa hukumu za zamani, nyingi, marundo kwa marundo. Halafu inapewa kesi mpya, na yenyewe inasema nani anastahili kushinda.

Mama Kwa Nini alikuwa na sharti moja. Mashine isitoe jibu bila sababu. Na sababu iandikwe kwa maneno anayoyaelewa aliyeshindwa. Narudia: aliyeshindwa.

"Aliyeshinda haulizi kitu, anakwenda zake kulala," alikuwa akimwambia mumewe. "Aliyeshindwa ndiye anayerudi nyumbani na swali."

Kila Jumapili baada ya chakula meza iligeuka baraza. Mke anatunga kesi, mume anakuwa mpangaji anayeshitakiwa, kompyuta inaamua. Fundi hakuupenda mchezo huu. Alitaka kujinyoosha kidogo. Lakini kumkatalia mke wake kulihitaji sababu, na sababu zake zilikuwa hazishindi kesi.

Jumapili moja akashitakiwa kwamba ameziba njia ya wapangaji wenzake kwa vyuma vyake. Akaambiwa ajitetee. Akasema: "Sijaziba. Njooni muone." Basi. Mke akayaandika hayo hayo. Kompyuta ikamwangusha.

Mke akakunja uso. Akaanza kuchezea utetezi ule. Akaongeza salamu kwa waheshimiwa. Akaongeza unyenyekevu, na kwa heshima na taadhima, na maneno mengine marefu yasiyo na kitu ndani. Hakuongeza ushahidi hata chembe. Akairudishia kompyuta.

"Mume wangu, umeshinda."

"Kwa kusema nini?"

"Hujasema kitu. Umesema kirefu."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kisha akaona anacheka peke yake. Mke ameshafungua hukumu za zamani, anahesabu kurasa. Alikuwa ameona ugonjwa. Katika zile hukumu za zamani, wenye mawakili waliandika kurasa na kurasa, na mara nyingi walishinda. Kompyuta haikujifunza sheria. Ilijifunza kwamba anayesema kirefu anasema kweli. Mtu wa maneno machache, kwake, ni mwongo.

Jumatatu akaenda kuwaeleza wakubwa. Na hapa, wasikilizaji, ndipo mtu anapochoka. Mkurugenzi wa taasisi alimsikiliza huku anaangalia simu.

"Mama, kesi nyingi inazipatia."

"Inazipatia kwa sababu gani?"

"Kupatia ni kupatia tu, Mama."

Unajua walifanya nini? Hawakuitibu mashine. Waliing'oa ile sehemu ya kutoa sababu, aliyoiweka yeye. Walisema inachelewesha kazi na inazua maswali. Kisha wakaipeleka barazani ikaanze kuamua mambo ya watu. Wakubwa ndivyo walivyo. Taa ya hatari ikiwaka, wanaitoa balbu.

Haukupita muda, jirani yao akabisha hodi. Ni mama mshona nguo, anayekaa peke yake chumba cha pili. Mwenye nyumba alikuwa anataka kumtoa, anadai amegeuza chumba kuwa karakana ya cherehani. Jirani aliomba baraza aachwe abaki. Aliandika hivi: "Cherehani iko sokoni. Chumbani nalala tu. Njooni muangalie." Hakuna aliyekuja kuangalia. Jirani alikuja kwao na simu mkononi, na kwenye simu maneno mawili: Ombi limekataliwa.

"Jirani, ndiye huyu mtoto wako wa kompyuta uliyekuwa unatusifia?" aliuliza. "Basi niulizie. Nimekosa nini?"

Mama Kwa Nini aliichukua simu, akaitafuta sababu, haikuwemo.

Wakati huo alishaanza kuumwa kifua. Fundi alimsihi apumzike. Hakusikia. Alijikokota hadi ofisini. Lifti ilikuwa mbovu, kama kawaida, na wakubwa wanakutana ghorofa ya juu kabisa, kama kawaida. Akapanda ngazi kwa kupumzika pumzika. Akaambiwa asubiri nje, kwenye benchi. Akasubiri. Kikao kikaisha, wakubwa wakapita mbele yake, mmoja akamwambia pole kwa kusubiri. Hakuitwa. Narudia, wasikilizaji, hakuitwa.

Fundi ndiye aliyekwenda kumchukua. Alimshusha ngazi akiwa amemshika kiunoni. Katikati ya ngazi mke alisimama, akapumua, akasema: "Hata mimi wamenikatalia bila sababu." Kutoka pale ilikuwa hospitali. Hakurudi nyumbani.

Wakubwa walikuja msibani na shada kubwa la maua. Walipomaliza kutoa pole na kutoka nje, mkurugenzi akamvuta fundi pembeni, mlangoni. Alikuwa na karatasi. Taasisi imeamua kuipa mashine jina la marehemu. Itasambazwa kwenye mabaraza yote. Inahitajika tu saini ya mume.

"Ni heshima kubwa, mzee wangu."

"Shemeji," mdogo wa marehemu akanong'ona, "usiwatukane. Watu wanaangalia."

Fundi hakutukana. Alisema maneno mawili: "Ombi limekataliwa." Akafunga mlango, ule mlango wake mwenyewe wa bawaba tatu.

Ndani watu wakaguna, kisha wakacheka. Nje, hodi. "Mzee, angalau tuambie kwa nini!"

Fundi alikuwa na mkono kwenye komeo. Alitaka kuwaacha waungue jua na swali lao. Alitaka kwenda kujilaza. "Nilichoka mpaka mifupa," anasema. "Lakini mke wangu angenirudisha pale mlangoni ananivuta sikio." Maana hao nao, kwa siku ile, walikuwa ni watu walioshindwa. Akafungua.

"Nitawapa sababu, kwa kuwa yeye angewapa," akawaambia. "Mashine yenu inamwona mtu wa maneno machache kuwa mwongo. Mlijua. Aliwaambia, mkaing'oa sababu. Akawafuata akiwa mgonjwa, mkamweka kwenye benchi. Huyu jirani yangu ameambiwa ahame, hajui kosa lake. Rudisheni sababu. Msikilizeni upya. Nendeni chumbani kwake mkaangalie kama kuna cherehani. Mkishafanya hayo, mlango huu unafunguka, nimeutengeneza mwenyewe. Kabla ya hapo, jina la mke wangu hamlipati."

"Tumesikia, mzee," akasema mkurugenzi.

"Hapana. Mmeambiwa. Kusikia bado."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa fundi huyu. Kwa hesabu za mashine ile, angekuwa ameshinda kesi. Lakini mpaka tunaingia studio leo, hajajibiwa. Jirani amehamia kwa dada yake, vitu vyake vingine viko karakanani kwa fundi, chini ya turubai. Na ile karatasi iko kwa wakubwa, haina saini.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole fundi. Tunampa pole mdogo wake marehemu, aliyebaki na kicheko cha dada yake kichwani. Tunampa pole mama mshona nguo, naye amefiwa. Mama Kwa Nini apumzike, alichoka mapema kuliko alivyostahili.

Nawe unayetusikiliza, kama una cheo, hata kidogo, hata cha kushika ufunguo wa geti tu: mtu wa mwisho uliyemwambia hapana, alirudi nyumbani na sababu, au alirudi na swali? Bado yuko barabarani. Mwite.