Apolonia Magsino wa Pateros, na Neno Moja la Mumewe

Baba Padre, ndugu wa ukoo wa Magsino, majirani, na nyote mliofika Jumamosi hii ya tarehe 14 Agosti 1971 kumsindikiza mama yetu, historia hii inasomwa na binti yake wa kwanza, Remedios, kwa niaba ya familia, na sehemu yake kubwa imetoka kinywani mwa baba yake, Bwana Delfin Catacutan, aliyekuwa mume wa marehemu, ambaye ameketi benchi la nyuma karibu na mlango, kwa hiari yake, ingawa mbele aliwekewa nafasi.

Ni haki mjue jinsi ilivyoandikwa. Jumatano iliyopita, jeneza likiwa sebuleni, Delfin alimwambia bintiye, "Meding, andika yote, na lile la mwaka thelathini na mbili usiliruke." Crisanto, mtoto wa pili wa marehemu, akadakia, "Kanisani, Baba? Unataka kumzika Mama au unataka kujisafisha?" Mzee akasema, "Nilimsema vibaya kwa kunong'ona, mwanangu, siwezi kulifuta kwa kunong'ona." Ikakubaliwa kwamba yatasomwa, ila asiyasome yeye.

Marehemu Apolonia Magsino alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Machi 1906 hapa Pateros, mtoto wa nne kati ya watoto sita wa Mang Isko, mfuga bata, na Aling Biyang, aliyekuwa akiuza mayai ya bata yaliyoatamiwa kuanzia sokoni hadi kivukoni. Alipofika miaka mitano ulimi wake ulianza kukwama, neno likawa linafika mlangoni halitoki, wazazi wakampeleka kwa waganga na kwa mapadre, wakamlisha ulimi wa kasuku, lakini kigugumizi kikakaa naye kama jirani asiyehama.

Alianza shule ya msingi hapa Pateros Juni 1913, akamaliza darasa la sita Machi 1919, naye alikuwa hodari wa hesabu, lakini majibu aliyaandika kwenye kibao, kwa sababu alipojaribu kuyasema wenzake walimpigia kelele, "We Poni, bata wenu wameshataga na kuangua, wewe bado hujamaliza jina lako!" Baada ya hapo alirudi bandani kuwalisha bata konokono wa mtoni, akiamini kwamba kazi yake itakuwa hiyo hadi kufa, na hakuiona mbaya, maana bata hawamhimizi mtu amalize sentensi.

Mwezi Mei 1922 walikuja watengeneza sinema kutoka Manila kupiga picha mtoni, wakiongozwa na Don Macario Villaluz, na mwigizaji waliyemleta alipoyaona yale maji alikataa katakata kuanguka humo. Don Macario akamwona Apolonia amesimama ndani ya maji hadi kiunoni na kapu la konokono, akamwuliza kama anaweza kuanguka kutoka mtumbwini, naye akaanguka mara saba siku ile, na kila mara aliibuka na sura mpya, mara hofu, mara hasira, mara aibu, hata wapiga picha wakasahau kula. "Unaitwa nani, binti?" Don Macario akamwuliza. Apolonia akajaribu, "A-a-a-," mpaka mama yake akasukuma watu na kujibu kwa niaba yake, akiomba radhi kwa ulimi wa mwanawe. Don Macario akacheka, akasema, "Aling Biyang, omba radhi kwa mwingine, mimi nauza uso. Maneno tutayaandika kwenye turubai."

Akampa jina la Luningning, maana yake mng'aro, na kati ya mwaka huo na 1932 mama yetu aliigiza sinema bubu ishirini na mbili, picha yake ikabandikwa kwenye kuta za Manila, Cebu na Iloilo, wanawake wakakata nywele kama zake, na kati ya watazamaji wake hakuna aliyejua sauti yake, kwa kuwa waandishi wa magazeti walipokuja aliwapa tabasamu na majibu ya maandishi, nao wakaandika kwamba nyota huyu ni mpole na mwenye siri.

Delfin alikuwa mpiga piano katika jumba la sinema la Tondo, akimpigia muziki kila siku alipotokea kwenye turubai, huku amemwinulia shingo gizani, na kwa miaka miwili alimjua kuliko alivyowajua dada zake, kabla hawajaonana ana kwa ana Novemba 1924, Don Macario alipomleta asikilize muziki wa filamu mpya. Jumba lilikuwa tupu. Delfin akapiga, na alipomaliza alimsikia mtu nyuma yake akisema kwa kukwama, "P-p-polepole. Pale ninapolia, unakimbia." Akarudia polepole, naye Apolonia akaanza kumweleza tukio zima huku piano ikilia, na Delfin ndiye aliyegundua kwanza kwamba akiwekewa mapigo ya muziki chini ya maneno yake, yalitoka yote, mazima, kama watu wanaovuka daraja wameshikana mikono.

Walifunga ndoa katika kanisa hili hili tarehe 19 Juni 1926, wakapanga nyumba mtaa wa Santa Cruz, wakajaliwa Remedios tarehe 2 Mei 1927 na Crisanto tarehe 30 Oktoba 1930.

Mwishoni mwa mwaka 1931 sinema za sauti kutoka ng'ambo zilikuwa zimejaza majumba, wapiga piano wakafukuzwa mmoja mmoja, na Don Macario akatangaza kwamba filamu yake ijayo itasema. Apolonia hakulia. Alikaa karibu na piano ya nyumbani kila asubuhi kwa miezi kumi, Delfin akipiga mapigo kwanza kwa funguo, kisha kwa kidole juu ya mbao, kisha kwa kisigino tu, mpaka kufikia Agosti 1932 aliweza kusema kurasa sita kwa mapigo anayojipigia mwenyewe kwa kidole, ndani ya mfuko wa gauni. Siku alipozimaliza bila kukwama hata mara moja, Delfin anasema alimbeba na kumzungusha mpaka wakaangusha taa.

Jaribio la sauti likapangwa Jumatatu tarehe 12 Septemba 1932. Jumamosi, Don Macario alimkuta Delfin kwa kinyozi, akaketi kiti cha pili, akamwuliza taratibu, "Delfin, nimeweka kila nilicho nacho kwenye filamu hii. Wewe unaishi naye. Niambie ukweli wa mwanaume kwa mwanaume, ataweza?"

Hapa ndipo Delfin alimtaka bintiye asiruke. Anasema hakukuwa na mtu aliyemlazimisha, na kwamba asubuhi hiyo muuza samaki alikuwa amemwita "Mang Luningning", yaani Mzee Luningning, kwa jina la mkewe, mbele ya watu, nao wakacheka, na yeye akacheka nao, na kicheko kile kikamkaa kooni kama mfupa. Anasema aliiona miaka inayokuja, yeye hana kazi, mke anasema na nchi nzima inasikiliza, na asiyeambiwa asante ni yule aliyepiga kisigino. Akamjibu Don Macario, "Hawezi."

"Una hakika?"

"Nyumbani anajaribu. Lakini hawezi, Don Macario. Atakuaibisha."

Jumatatu Apolonia alivaa gauni la bluu, akaketi sebuleni tangu saa moja asubuhi kungoja gari, na saa sita mchana ikaja barua ya mistari mitatu badala yake. Akaisoma, akamtazama mumewe, akauliza, "N-n-nani kawaambia?" Delfin akasema, "Labda wanataka wasichana wadogo, Poni." Alikuwa na miaka ishirini na sita. Tangu siku hiyo ulimi wake ukakwama hata piano ikipigwa, naye hakukaribia tena kiti chake cha kando ya piano, na Delfin akaona ni afadhali, kwa maana akimwona amekaa pale angeshindwa kupiga.

Filamu ilitoka na mwanamke mwimbaji mahali pake, Delfin akapewa kazi ya kuitungia nyimbo, akafanikiwa, na mwaka 1937 akaihama nyumba akaenda kuishi na mwimbaji huyo. Talaka waliipata Juni 1943, katika ile miaka michache ya vita sheria ilipoiruhusu. Februari 1945 Manila ilipoungua, filamu zote ishirini na mbili ziliungua nazo, kwa hiyo hapa kanisani hakuna mwenye umri chini ya miaka arobaini aliyewahi kumwona mama yetu kwenye turubai, na Delfin anasema hilo nalo linamwuma, kwamba moto ulichukua uso wake, na sauti yake alikuwa ameshaichukua yeye.

Apolonia alirudi Pateros na watoto wake mwaka 1938, akafuga bata. Juni 1947 mwalimu mmoja wa shule ya msingi alimkuta chini ya dirisha la darasa akimfundisha msichana wa jirani, mwenye kigugumizi, kusema jina lake kwa kugonga kidole, na tangu hapo hadi mwaka jana alikwenda shuleni kila Jumanne na Alhamisi asubuhi bila cheo, akafundisha watoto arobaini na mmoja. Aliwaambia, kwa kukwama kwake, "F-fanyeni ninayosema, m-msiseme ninavyosema," nao wakacheka, naye alitaka wacheke. Mmoja wao ni wakili leo, mwingine amesoma somo la kwanza katika misa hii, nanyi mmemsikia.

Alhamisi tarehe 15 Januari 1970, Delfin, akiwa amefiwa na yule mwimbaji na mwenye fimbo, alimfuata bandani akamweleza kila kitu, kinyozi, muuza samaki, na lile neno. Apolonia aliendelea kuwamwagia bata konokono mpaka ndoo ikaisha, ndipo akasema, "N-nilijua. Don Macario aliniambia m-mwaka thelathini na nne, kwenye m-mazishi ya mkewe."

"Miaka thelathini na sita! Mbona hukunisema, Poni? Mbona hukunitukana hata siku moja?"

"W-watoto walikupenda," akasema. Kisha akampa ile ndoo tupu. "J-jaza."

Akajaza. Akarudi Alhamisi iliyofuata, na kila Alhamisi, na watu wakasema wazee wamerudiana, lakini Delfin ametaka ijulikane kwamba hawakurudiana, alikuwa anajaza ndoo.

Marehemu alianza kuumwa tumbo Aprili mwaka huu, akalazwa hospitali mjini Manila tarehe 2 Julai, madaktari wakakuta saratani iliyokwisha kuenea. Jumapili tarehe 8 Agosti Delfin aliketi kando ya kitanda chake, akasema, "Poni, umenisamehe?" Apolonia akafungua mdomo, "B-b-b-," na Delfin, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alikuwa na tabia ya kummalizia maneno yake, safari hii akajiziba mdomo kwa mkono, akangoja, muuguzi akaingia akatoka, naye akangoja, mpaka neno likafika.

"Bado."

Akamshika mkono mumewe wa zamani, hakuuachia, akalala. Alifariki Jumanne tarehe 10 Agosti 1971, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano, ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Wapo waliomshauri Delfin aseme alisamehewa, ili mazishi yawe mepesi, wakamwambia mkono ule ndio jibu. Amekataa. Anasema mkono ni wake Apolonia, na neno ni lake, naye hatatafsiri tena kwa niaba yake. Anachoomba kanisa hili lisikie ni kimoja tu, kwamba mnamo Septemba 1932 Apolonia Magsino alikuwa anaweza kusema kurasa sita bila kukwama, na kwamba yeye Delfin alizisikia kwa masikio yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa muuguzi aliyeingia akaona na kutoka taratibu, inawashukuru majirani wa mtaa wa kivukoni waliowalisha bata wake wiki sita hizi bila kuombwa, walimu wenzake, Padre, na wazee wachache wa sinema bubu waliosafiri kutoka mbali, wakasimama mbele ya jeneza bila kusema kitu, kama ilivyokuwa kazi yao. Kwa wote ambao hatukuwataja, tusameheni.

Mama, pumzika kwa amani, wala mtu asikuharakishe.