Leso ya Fundi

Kwenye basi la kupitia hospitali ya macho, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alikuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti, mama mmoja mfamasia mstaafu. Presha ya jicho haishuki, na leo daktari ataamua kama ampasue. “Eti dawa imefungwa ndani ya chembe za polima. Plastiki jichoni, mama!”

“Chembe elfu kumi zikijipanga bega kwa bega zinapita tundu la sindano yako. Zinang'ang'ania jicho na kuachia dawa polepole hadi kesho.” Nilipiga hesabu kichwani, hakutia chumvi.

“Mbona kwangu hazing'ang'anii?”

“Ukishatia tone, unafanyaje?”

“Najifuta. Mimi mtu nadhifu.” Akatoa leso aliyoipinda mwenyewe, mshono umenyooka kama rula.

“Papo hapo?”

“Kabla halijafika shavuni.”

“Hongera, fundi. Leso yako haina presha kabisa.”

Tulicheka, isipokuwa yeye. “Sasa nimwambie daktari?”

“Usipomwambia, atapasua jicho wakati kosa ni la leso.”

Basi likasimama hospitalini. Fundi alishuka, vumbi likamrukia, jicho likalengwa na machozi. Mkono ukaingia mfukoni, ukasita. Mlango ulifungwa kabla sijaona umetoka na nini.